Mwalimu Kamba na Ugonjwa wa Asilimia Tisini

Nani anapewa jina la kamba akalipenda? Yeye alilipenda. Jina lake la kwenye vyeti lipo, limeandikwa vizuri na lina mhuri, lakini hebu mwite kwa hilo uone kama atageuka. Wanafunzi wake, na hao si watoto, ni watu wazima wenye mvi na vitambi, mameneja wa miradi ya majengo, barabara, mitambo na kompyuta, wote walimwita Mwalimu Kamba. Wengine wamestaafu bila kulijua jina jingine.

Sababu ni hii. Kwa miaka kumi na minane, kila semina yake ilianza kwa yeye kuingia ukumbini na kikapu, akatoa kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye misumari miwili aliyoipigilia mwenyewe, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule. Kisha anawagawia watu vibanio na kadi. Kila kadi kazi moja: chimba msingi, agiza saruji, pitisha nyaya, jaribu koki. Kadi zinaanikwa kwa mpangilio, na kazi ikiisha, kadi inageuzwa. Projekta ilikuwepo, mpya kabisa, na yeye aliitumia kuwekea kikombe cha chai. "Projekta haimuumbui mtu," alikuwa akisema. "Kamba inakuumbua mbele ya wenzako."

Na iliwaumbua kweli. Maana kuna ugonjwa wa mameneja wa miradi, muulize yeyote aliyefanya nao kazi atakwambia. Uliza mradi umefika wapi, utajibiwa asilimia tisini. Rudi baada ya mwezi: asilimia tisini. Mvua inyeshe, jua liwake, bosi abadilishwe, tisini ipo palepale imekaa miguu juu. Si kwamba ni watu wabaya, masikini. Ukisema sabini utaaibika, na ukisema mia watakuja na mkasi kukata utepe. Tisini ni pahali pazuri pa kujificha.

Mwalimu Kamba aliichukia tisini kama mtu anavyomchukia mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Kanuni yake ilikuwa moja: mia haitamkwi mpaka mkono uguse. Umesema koki imefungwa? Umeifungua? Mkono ulilowa? Kama haukulowa, geuza kadi yako irudi ilivyokuwa, ukae. Naye alikuwa akipita nyuma ya viti polepole akitazama mikono, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayetia chumvi hukishika kibanio kwa vidole viwili, kana kwamba kina moto. Wakurugenzi wazima wametolewa jasho na kibanio cha nguo. Mimi nisingependa kuwa mmoja wao.

Ukumbi ukafungwa. Paa lilikuwa linavuja na nyaya ni za zamani, chama cha mameneja kikaamua kuukarabati, na mwenyekiti wa chama, mhandisi mwenye sauti nzito na tai ndefu kupita kiasi, akachukua usimamizi yeye mwenyewe. Lango likapigwa mnyororo. Mwalimu Kamba akawa anafundishia kwenye chumba cha kuazima, kisha chumba nacho kikapata wenyewe. Mwaka na nusu ukapita. Ndipo katibu wa chama, mama mmoja mpole anayeongea kama anayeomba radhi, alipomwita ofisini.

"Mwalimu, kamati imekaa."

"Kamati ikikaa, mimi huwa nasimama. Sema tu."

"Semina zinahamia mtandaoni."

"Zinahamia! Na mimi nitaifunga wapi kamba yangu, kwenye mtandao?"

Katibu akatazama mafaili yake. Akaeleza taratibu: watu sitini wamejiandikisha, Alhamisi nne, saa nane mchana. Ikifika Alhamisi ya nne nusu yao wakawa bado wapo, Mwalimu ataendelea. Wakipungua chini ya thelathini, chama kitachukua masomo yaliyorekodiwa, yale ambayo mtu anayasikiliza muda wake akiwa anapiga pasi, na Mwalimu ataagwa kwa heshima zote.

"Heshima gani?"

"Cheti. Na saa ya ukutani."

"Saa ya ukutani! Miaka kumi na minane nawaambia ninyi watu muache kuchelewa, leo mimi ndiye mnanipa saa?"

Alitoka pale kidevu juu, kikapu kwapani. Lakini alipofika kwenye ngazi, mahali ambapo hakuna aliyemwona, alikaa. Aliogopa. Si kazi tu aliyoogopa kuipoteza. Lile darasa ndilo lililomwezesha kujitazama kwenye kioo asubuhi, na kwa nini iwe hivyo, hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake wa tumbo moja aliyekuwa akiishi naye.

Huyo dada alikuwa fundi cherehani, mkubwa kwake kwa miaka sita na mwenye mdomo uliomzidi kwa kumi. Nyumba yao ilikuwa na sebule moja, nusu yake cherehani na vitambaa, nusu yake viti. Wakakubaliana kwamba kila Alhamisi mchana cherehani itanyamaza. Mwalimu akafunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha mpaka kwenye bawaba ya mlango, akaweka kompyuta juu ya ndoo juu ya meza ili kamera iione kamba yote, akavaa kitenge chake cha semina, akapiga moyo konde.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa vituko. Alifundisha dakika kumi na moja akiwa amezima maiki. Dakika kumi na moja! Kwa mikono, kwa macho, kwa mbwembwe zote, na watu sitini wakimwangalia kama samaki kwenye chupa, mpaka mmoja akampigia simu kumwambia. Alipowasha akaanza upya, na alipofika mahali pazuri, dada akaingia na beseni. Alidhani kunyamazisha cherehani kunatosha. Aliona kamba, aliona vibanio, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu na nguo mbichi angefanya. Alianika. Gagulo lake la waridi likaning'inia katikati ya "Saini mkataba" na "Chimba msingi", linadondosha maji, mbele ya mameneja sitini.

"Dada!"

"Nini? Kuna nafasi bado."

Hata hilo angelivumilia. Kilichomkata maini ni kimya. Karibu wote walikuwa wamezima kamera. Aliongea na viboksi vyeusi vyenye majina, kama anayehutubia vigae vya bafuni. Akatania, hakuna aliyecheka. Akauliza swali, viboksi vikamtazama. Na mikono, mikono aliyozoea kuipitia mmoja mmoja, haikuonekana hata mmoja. Alipowauliza miradi yao imefika wapi, majibu yakaja kwa maandishi pembeni, yanateremka kama mvua: 90%. 90%. 90. Tisini. Hakuwa na mgongo wa kiti wa kusimama nyuma yake.

Alhamisi ya pili walikuja arobaini na nne. Aliandaa picha, michoro, hata muziki wa kufungulia. Walipomaliza walikuwa thelathini na sita, na wawili kati yao, alikuwa na hakika, walikuwa wamelala. Mmoja alisikika akikoroma kabisa.

Jioni ile katibu akapiga simu. "Mwalimu, mwenyekiti anauliza. Matayarisho ya Alhamisi ijayo yamefikia wapi?"

Ukweli ni kwamba hakuwa na matayarisho yoyote. Alikuwa amekaa kwenye kiti na kadi tupu mapajani, hajui aanzie wapi. Akafungua mdomo.

"Asilimia tisini," akasema.

Akakata simu, akabaki ameishika. Dada yake, aliyekuwa anapachika vifungo kwenye shati la watu, alitoa sindano mdomoni.

"Umesema nini?"

"Hakuna."

"Nimesikia. Nimekaa na wewe miaka yote hii nasikia tisini, tisini, fulani kasema tisini, mshenzi gani kasema tisini. Leo na wewe umo!" Akaangua kicheko mpaka vifungo vikamwagika. Kisha akamwona mdogo wake usoni, akaacha kucheka. "Wee. Unalia?"

Alikuwa analia kweli. Siku mbili hakuwa na raha. Siku ya tatu alichukua michoro yote aliyotengeneza, akaifuta kwenye kompyuta bila kuiangalia mara ya pili, na akaenda kulala usingizi mzito.

Alhamisi ya tatu walikuja thelathini na mmoja. Mmoja juu ya mstari wa kifo, au wawili, hesabu unavyotaka. Mwalimu Kamba hakuwasha muziki wala hakugawa kadi. Aliketi karibu na kamera, uso mzima kwenye skrini.

"Leo nina jambo la kusema," alianza. "Juzi katibu aliniuliza matayarisho yamefika wapi. Nikamwambia asilimia tisini. Nilikuwa na sifuri."

Kimya. Lakini hiki kimya kilikuwa na masikio.

"Na si mara ya kwanza. Nilipokuwa na miaka ishirini na saba nilipewa mradi wa maji wa shule ya wasichana. Tangi, mabomba, koki kumi na mbili. Kila wiki naulizwa, nasema tisini. Siku ya kukabidhi ikafika, nikasema mia. Sikufungua koki hata moja. Mafundi walikuwa wamenihakikishia, na mimi nilikuwa na viatu vipya, kule kwenye koki kulikuwa na matope. Utepe ukakatwa, tukapiga makofi, tukaondoka. Kuna kipande cha bomba chini ya barabara hakikuwa kimeunganishwa. Miezi minane wale wasichana walichota maji kwa ndoo, koki kumi na mbili zinawatazama. Siku moja nilipita pale kwa gari nikawaona njiani, ndoo kichwani. Sikushuka garini."

Mlangoni dada yake alikuwa amesimama na shati la watu mkononi, hajawahi kulisikia hili maishani mwake.

"Kamba ilianzia hapo," Mwalimu akasema. "Sasa mnajua. Anayetaka kuondoka aondoke, sitamlaumu."

Hakuondoka mtu. Kiboksi kimoja kikawaka. Alikuwa mama mmoja kijana, kitambaa kichwani, mtoto mgongoni na mwingine pajani, na nyuma yake ukuta usiopakwa rangi. Tutamwita Mama Mapacha, ndivyo darasa lilivyomwita baadaye.

"Mwalimu, mimi nimejiandikisha semina yako miaka mitatu mfululizo," akasema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa mbali, wa pili mjamzito, wa tatu hawa. Ukumbini nisingefika kamwe. Na mimi niliandika tisini, ile Alhamisi ya kwanza. Nasimamia ujenzi wa zahanati."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Kwenye zahanati. Niko eneo la kazi, hapa chini ya dirisha ndipo simu inashika."

Mwalimu Kamba akaisogelea skrini. Miaka kumi na minane aliwaita watu watoke kwenye miradi yao waje kwenye ukumbi wake kuongea juu ya miradi ambayo hakuna aliyeweza kuiona. Na huyu hapa amekaa ndani ya mradi wenyewe!

"Simama," akasema. "Shika simu. Nipeleke kwenye hiyo tisini."

Mama Mapacha akasimama, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamkabidhi mpishi wa mafundi, akaanza kutembea. Chumba cha daktari: mlango hakuna. Chumba cha sindano: mlango upo, umeegemezwa ukutani, haujafungwa. Sinki tatu, koki tatu. "Fungua," Mwalimu akasema. Akafungua. Koki ikapiga mluzi wa hewa, basi. Viboksi vikaanza kuwaka kimoja baada ya kingine, watu wamesogeza nyuso kwenye skrini.

"Dada, hiyo si tisini," mmoja akasema. "Ni sitini na tano."

"Sitini! Umeona paa la nyuma?"

"Mwacheni atembee!"

Mama Mapacha akageuza simu upande wa uso wake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Ni sitini," akasema. "Jamani, hata usingizi ulikuwa haunijii. Ni sitini."

Sasa nawaambia, hapo ndipo semina ilipoanza. Mwalimu Kamba alisimama, sauti ikamrudi, ile ya ukumbini. "Haya, nani mwingine yuko kwenye mradi wake? Inukeni! Hakuna kukaa!" Mabwana wenye tai wakaonekana wakipanda ngazi huku wanahema. Mmoja alipita kwenye daraja linalojengwa, upepo unapiga kwenye maiki. Mwingine, bwana mtanashati wa kufunga mifumo ya kompyuta, aliyekuwa ameandika tisini na tano, alibishabisha kidogo, akadai ufunguo wa stoo haupo, wenzake wakamzomea, ufunguo ukapatikana. Akafungua mlango. Maboksi. Maboksi kutoka sakafuni mpaka darini, hakuna hata moja lililofunguliwa, gundi bado inang'aa.

"Tisini na tano ni ya nini, kaka?"

"Ya... ya kuyaleta."

Watu walivunjika mbavu. Tangu siku hiyo jina lake ni Maboksi na hata mkewe anamwita hivyo. Lakini hakukimbia. Alikaa juu ya boksi moja, akasema ukweli wake wote, kwamba mafundi wake hawajui kuifunga ile mitambo na yeye aliona haya kuuliza. Yule wa daraja akamwambia, "Nina mtu. Nitakupa namba yake." Mwalimu alikuwa akiandika kadi mbiombio na kuzianika, zahanati upande huu, maboksi upande ule, dada yake anamrushia vibanio. Saa kumi ikafika, muda umeisha. Saa kumi na moja bado wapo. Na hesabu kule pembeni ilikuwa imepanda, maana watu walikuwa wamewapigia simu wenzao waliokwisha kutoroka: rudi, utakosa.

Wiki moja baadaye, Alhamisi ya nne, saa nane kamili, waliingia hamsini na wanane. Wawili waliokosekana, mmoja alikuwa anajifungua na mwingine bando lilimwishia. Waliingia pia katibu na mwenyekiti wa chama, kukagua. Mwenyekiti aliomba kusema maneno machache, na wote mnajua maneno machache ya mwenyekiti yalivyo. Alisifu teknolojia. Alieleza kwamba masomo yaliyorekodiwa yana faida, kwani meneja anaweza kujifunza bila kusumbuliwa na mtu. Alimshukuru Mwalimu kwa utumishi wake mrefu, kwa namna ambayo unaweza kuisikia saa ya ukutani ikigonga nyuma ya kila neno.

"Na kuhusu ukumbi wetu," akamalizia, akikaza tai, "niwahakikishie wanachama kwamba ukarabati unaendelea vizuri. Tumefikia asilimia tisini."

Lo! Maboksi akaanza, akafuatiwa na yule wa daraja, na hatimaye viboksi hamsini na vinane vikalipuka kwa kicheko. Katibu aliziba mdomo kwa faili. Mwenyekiti akaangalia huku na kule, hajui kosa lake ni lipi.

Mwalimu Kamba hakucheka. Alijua akinyamaza sasa, huenda akaachiwa darasa lake kwa amani, na akisema, huenda akalipoteza leoleo. Alinyoosha kitenge.

"Mwenyekiti, samahani. Uko wapi sasa hivi?"

"Ofisini."

"Ofisi yako na ukumbi ni kuteremka ngazi tu. Simama, shika simu. Twende wote."

"Mwalimu, nina kikao..."

"Hiki ndicho kikao," akasema katibu, yule mpole, yule wa kuomba radhi. Sijui alitoa wapi sauti ile. "Twende, mwenyekiti. Mimi pia sijaingia mle mwaka na nusu."

Wakateremka. Mlinzi akafungua mnyororo, na uliteleza kwa kelele ya kutu. Ndani, nusu ya paa ilikuwa anga. Njiwa waliruka. Jukwaa la mafundi limesimama bila mafundi, mifuko ya saruji imegeuka mawe, nyaya zinaning'inia ovyo. Simu ikazunguka taratibu, ikapita kwenye ukuta wa kushoto, na hapo Mwalimu Kamba akaona msumari wake. Upo. Simu ikazunguka kulia, na wa pili nao upo. Akajishika kifua.

Mwenyekiti alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Tai iligusa vumbi. "Arobaini," akasema, na sauti nzito haikuwepo tena. "Labda arobaini. Mkandarasi alinikimbia mwezi wa tatu. Kila nilipotaka kusema, niliona kikao kimejaa, nikashindwa."

Mwalimu angeweza kummaliza pale pale. Watu wengine, na mimi nikiwemo, wangemmaliza. Mwalimu Kamba alisogea karibu na kamera, akaongea kwa upole ambao dada yake alisema hajawahi kuusikia nyumbani.

"Mwenyekiti, mimi nilisema mia kwa koki kavu kumi na mbili. Karibu darasani. Mpeni kibanio."

Hapo hapo, wasimamizi hamsini na wanane, wenye ujuzi wa paa, nyaya, mbao na mikataba, wakauchukua ule ukumbi kama zoezi la darasa. Kadi zikajaa kamba yote ya sebuleni, dada akaongeza kamba ya pili kutoka kwenye cherehani, na gagulo likahamishwa milele. Kuhusu nani ataendelea na nani ataagwa, hakuna aliyekumbuka kuuliza mpaka katibu aliposoma kumbukumbu mwishoni: "Waliohitajika kubaki, thelathini. Waliopo, hamsini na wanane. Mwalimu anaendelea. Saa ya ukutani itawekwa ukumbini." Dada mtu akapiga kigelegele ambacho maiki ilishindwa kukibeba.

Ukumbi ulichukua miezi minne. Kila Alhamisi mwenyekiti alitembea ndani yake na simu, bila tai, na mara mbili aliamriwa kugeuza kadi irudi ilivyokuwa. Aligeuza. Siku ya kufungua, nusu ya darasa walifika wenyewe wakakumbatiana kama ndugu, wakishangaana urefu, maana kwenye viboksi kila mtu ana kimo kimoja. Nusu nyingine walikuwa kwenye skrini kubwa ukutani, kila mmoja kwenye mradi wake, na projekta hatimaye ilipewa kazi. Mwalimu alifunga kamba kwenye misumari yake miwili. Kadi zote za ukumbi zilikuwa zimegeuzwa. Alipita akigusa moja moja: swichi, bawaba, dirisha, koki ya msalani. Mkono ulilowa. Watu wakasubiri atamke neno ambalo miaka yote hakuna aliyelisikia mdomoni mwake kirahisi.

"Bado," akasema. "Kuna kadi moja haijageuka."

Ilikuwa mwisho kabisa upande wa kulia, mstari wa zahanati: jaribu koki. Kwenye skrini Mama Mapacha alikuwa amesimama kwenye chumba cha sindano, ukuta umepakwa rangi, mlango umefungwa mahali pake. Mapacha wote wawili walikuwa wamesimama kwa miguu yao, wameshika ukingo wa sinki.

"Mwalimu, kanuni yako ni mkono uguse," akasema. "Na wewe uko huko."

"Fungua, mwanangu."

Akazungusha koki. Ikapiga mluzi wa hewa. Ikakohoa. Kisha maji yakatoka, meupe kwanza, halafu angavu, yanagonga sinki kwa kelele, na wale watoto wakatia mikono yao yote minne wakapiga mayowe ya furaha. Mama yao akatia wa kwake, akauinua mbele ya kamera, maji yanatiririka kwenye kiwiko.

"Umelowa, Mwalimu. Umeuona? Ni ya baridi!"

Mwalimu Kamba alisimama mbele ya skrini. Koki kumi na mbili zilikuwa machoni pake, na wasichana njiani, na gari ambalo hakushuka. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya ule mkono mkubwa uliolowa ukutani, mkavu juu ya mbichi. Kisha akageuka, akaifuata kamba mpaka mwisho wake, akageuza kadi.

"Mia," akasema.